Kitabu Kilichozaliwa na Gemu

Yako malalamiko tunayoyasikia mara kwa mara, iwe kwenye benchi la kliniki au baada ya kikao cha kikundi cha wanawake. Mama analalamika kwamba mtoto wake hasomi. Vitabu vya shule huvifungua kwa kulazimishwa, lakini akishika gemu, yaani mchezo wa kompyuta au wa simu, hata akiitwa kula hasikii. Kisha mama huyo huyo hutuambia kwamba siku hizi mtoto ana kitabu kinene anachokisoma mpaka usiku. Angefurahi, ila jalada lina joka linalotema moto na mtu mwenye upanga, na jina lililoandikwa juu ni lile lile la gemu. Anauliza: Je, hicho nacho ni kitabu? Nimwachie au nimnyang'anye?

Swali hilo ni zuri, na mwezi huu tungependa kulijibu kwa utaratibu. Tutaeleza vitabu hivyo vilianzaje, vinasimulia nini, na kwa nini wasomaji wake huvipenda vingine na kuvikataa vingine kwa hasira. Tunaamini pia kwamba hapa pana mlango ambao mama anaweza kuingilia. Gemu yenyewe wengi wetu hatuiwezi. Vidole vyetu ni vizito, na mambo kwenye kioo yanakwenda mbio. Lakini kitabu tunakiweza, kwa sababu kitabu humngoja msomaji.

Vilianzaje?

Vitabu vya namna hii si vya jana. Mwaka 1990 kampuni ya Scholastic ya Marekani, inayojulikana sana kwa vitabu vya watoto, ilitoa mfululizo ulioitwa Worlds of Power. Kila kitabu kilisimulia hadithi ya gemu mojawapo iliyochezwa kwa mashine ya Nintendo. Aliyeanzisha mfululizo huo ni Seth Godin, na kwenye majalada likawekwa jina la kubuni, F.X. Nine.

Kwa kuwa wasomaji walikuwa watoto, wachapishaji walipunguza ukali. Picha ya askari wa gemu ya Metal Gear ilipowekwa kwenye jalada la kitabu, bunduki yake iliondolewa. Katika Ninja Gaiden, baba wa shujaa hufa kwenye gemu, lakini kwenye kitabu anapona.

Huenda sisi akina mama tukasema: Vizuri sana! Lakini mtoto aliyekwisha kuicheza gemu mpaka mwisho alijua kwamba baba yule alikufa, na sasa kitabu kinamwambia jambo jingine. Hapo tunajifunza jambo la kwanza kuhusu wasomaji hawa. Wanakuja kwenye kitabu wakiwa wamekwisha kuishi ndani ya hadithi. Kuwasimulia ni kama kumsimulia mtu harusi aliyohudhuria yeye mwenyewe. Ukikosea rangi ya gauni la bibi harusi, atakusahihisha.

Mtoto aliyelelewa na bibi

Mwaka 1993 ndugu wawili wa Marekani, Rand na Robyn Miller, ambao baba yao alikuwa mhubiri, walitoa gemu iitwayo Myst. Haikuwa gemu ya risasi. Mchezaji hujikuta peke yake kisiwani, akitembea, akitazama, akisoma vitabu na kufumbua mafumbo. Nakala zaidi ya milioni 6 ziliuzwa. Kwa miaka mingi hapakuwa na gemu ya kompyuta iliyouzwa kuliko hiyo, mpaka The Sims ilipoipita mwaka 2002.

Mwaka 1995 ndugu hao, wakishirikiana na mwandishi Mwingereza David Wingrove, walitoa riwaya iitwayo The Book of Atrus. Baadaye zikafuata The Book of Ti'ana mwaka 1996 na The Book of D'ni mwaka 1997.

Sikilizeni kisa chenyewe. Atrus ni mtoto ambaye mama yake alifariki kwa uzazi. Sisi tuliofanya kazi katika wodi ya wazazi tunaijua nyumba ya namna hiyo: kichanga kinalia, baba ameganda, na bibi anafungua kanga yake ili ampokee mtoto. Ndivyo ilivyokuwa kwa Atrus. Baba yake, Gehn, aliondoka akamwacha kwa bibi aitwaye Anna. Bibi huyo anamlea mjukuu jangwani, katika ufa wa ardhi chini ya mlima wa volkano. Hana mali, lakini anamfundisha kutazama mambo kwa makini, kuuliza, kupima, na kuandika anachokiona.

Mtoto anapokuwa kijana, baba anarudi na kumchukua. Baba ana elimu ya ajabu. Anajua kuandika vitabu vinavyomfikisha mtu kwenye ulimwengu mwingine. Lakini anajiona kuwa yeye ndiye anayeuumba ulimwengu huo, na anataka watu wanaoishi humo wamwabudu. Atrus anatambua polepole kwamba kalamu haiumbi kitu, inafungua njia tu ya kufika mahali palipokuwapo tangu mwanzo. Inambidi achague kati ya baba mwenye nguvu na malezi ya bibi maskini.

Wapenzi wa Myst walikipokea kitabu hiki kama sehemu ya gemu yenyewe, na sababu zake zinaeleweka. Kwanza, waliokiandika ndio waliotengeneza gemu. Pili, gemu ile ilikuwa kimya sana na iliacha maswali mengi, na kitabu kikayajibu bila kuiharibu. Tena mwaka 1997 ilipotoka gemu ya pili, Riven, aliyekuwa amesoma kitabu alimkuta Gehn humo akiwa anamjua tayari.

Mama mmoja katika kikundi chetu, ambaye Kiingereza chake anasema ni cha kuombea maji, alituruhusu kulieleza hili. Mwanawe wa kidato cha pili aliletewa kitabu hicho na mjomba wake. Mama akamwomba amsimulie kila jioni wakati yeye akichambua mchele. Walipofika mahali baba anaporudi, kijana alinyamaza, kisha akasema: "Mama, huyu hakumrudia mtoto. Alirudi kwa sababu alihitaji mtu wa kumsaidia kazi yake." Mama huyo alikuwa ameachwa na mumewe miaka sita, na mume alikuwa ametuma ujumbe kwamba anataka kurudi. Kijana hakuwa amesema neno lolote juu ya habari hiyo. Siku ile mama alijua mtoto wake anaogopa nini, na wakaweza kuzungumza kabla baba hajafika mlangoni.

Mtoto aliyenyonyeshwa na mama wa upande wa adui

Kisa cha pili kinatoka kwenye gemu za Warcraft, za kampuni ya Blizzard ya Marekani. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza gemu iitwayo Warcraft Adventures: Lord of the Clans, lakini mwaka 1998 ikaifuta kabla haijatoka. Hadithi yake haikutupwa. Mwandishi Christie Golden aliigeuza kuwa riwaya, nayo ikatoka mwaka 2001. Kwa hiyo gemu ilikufa, kitabu kikaishi.

Humo mna viumbe wakubwa wenye nguvu waitwao maorki, ambao ni maadui wa wanadamu. Kichanga cha maorki, ambacho wazazi wake wameuawa, kinaokotwa na jemadari wa wanadamu aitwaye Blackmoore. Hakukiokota kwa huruma. Anataka kukikuza kiwe mpiganaji wake. Anakipa jina la Thrall, neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mtumwa. Kichanga kinahitaji maziwa, na anayetakiwa kukinyonyesha ni Clannia, mke wa mtumishi wa jemadari huyo. Binti wa Clannia, Taretha, anakua akimhesabu Thrall kuwa kaka yake. Anamwandikia barua kwa siri na kumsaidia kutoroka, na msaada huo unamponza. Blackmoore anamuua.

Katika gemu za mwanzo maorki walikuwa majeshi ya kusogezwa kwenye kioo ili yapigane. Kitabu kiliwapa uso, jina na mama wa kunyonya. Mwaka 2002 ilipotoka gemu ya Warcraft III, Thrall alikuwamo kama kiongozi wa watu wake, na msomaji wa kitabu alijua ametoka wapi. Golden aliendelea kuandika vitabu vya Warcraft. Kitabu chake cha mwaka 2009, Arthas, kinachomhusu mwana wa mfalme aliyepotoka, kiliingia kwenye orodha ya gazeti la New York Times ya vitabu vinavyouzwa zaidi Marekani.

Wasomaji wanapokataa

Sasa tuangalie upande wa pili. Mwaka 1998 ilitoka gemu iitwayo Baldur's Gate, iliyotengenezwa na kampuni ya BioWare ya Kanada. Katika gemu hiyo mchezaji humuunda shujaa wake mwenyewe. Anaamua awe mwanamume au mwanamke, awe mpole au mkatili, asafiri na nani na amwache nani. Mwaka 1999 kikatoka kitabu chake, kilichoandikwa na Philip Athans. Shujaa wa kitabu akawa mmoja tu, Abdel, mwanamume wa miraba minne mwenye upanga, mwepesi wa kuua.

Wachezaji wengi walimkataa. Hata leo kitabu hicho hutajwa miongoni mwa vitabu vya gemu visivyopendwa kabisa. Je, ni kwa sababu watu hao ni wakorofi? Hapana. Fikiri umempa mtoto jina, umemlea na kumjua tabia, halafu anakuja mgeni na kukwambia, "Mtoto wako haitwi hivyo, wala hana tabia hizo." Kila mchezaji alikuwa na shujaa wake, na kitabu hakikuweza kuwa na mashujaa wote hao. Hiyo ni shida ambayo mwandishi wa vitabu vya namna hii hukutana nayo hata akiwa hodari.

Mfano mwingine hautoki kwenye hadithi za majoka bali za safari za anga, lakini tunautaja kwa sababu unatugusa kama wauguzi na kama mama. Gemu za Mass Effect zilikuwa na riwaya zake. Katika ile ya mwaka 2008, Ascension, iliyoandikwa na Drew Karpyshyn, yumo binti aitwaye Gillian Grayson mwenye usonji. Wasomaji walimpenda. Mwaka 2012 mwandishi mwingine, William C. Dietz, alitoa kitabu kilichofuata, Deception. Humo Gillian amekua, na usonji wake ni kama umeyeyuka.

Wasomaji walikasirika. Walikipitia kitabu ukurasa kwa ukurasa na kuandika orodha ndefu ya makosa, na jambo la Gillian likiwamo. Haukupita muda mrefu, wachapishaji Del Rey pamoja na BioWare wakaomba radhi na kuahidi kufanya masahihisho katika matoleo ya baadaye.

Wapendwa, usonji si homa inayopita. Mtu huzaliwa nao na kuishi nao, na akisaidiwa mapema anaweza kupiga hatua kubwa. Tunawajua akina mama wanaoambiwa kwamba mtoto wao amelogwa, au ni mtundu tu na akichapwa atapona. Wasomaji wale wa gemu hawakudai elimu ya udaktari. Walimfahamu binti yule na kumpenda, wakakataa asimuliwe kwa uongo. Tungefurahi kama kila mtoto wa namna hiyo katika mitaa yetu angekuwa na watetezi kama hao.

Je, si mafunzo ya uchawi?

Hofu hii tunaiheshimu, maana kwetu uchawi si hadithi ya jioni tu. Wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya imani hizo. Mama anayeshtuka akiona neno "mchawi" kwenye kitabu cha mwanawe ana sababu.

Hata hivyo tutofautishe. Bibi zetu walitusimulia habari za mazimwi na za sungura aliyemshinda simba, wala hakuna aliyetoka pale jikoni kwenda kutafuta zimwi. Tulijifunza kwamba ukaidi huponza, na kwamba mdogo mwenye akili anaweza kumshinda mkubwa. C.S. Lewis, Mkristo aliyeandika mengi juu ya imani, ndiye huyo huyo aliyeanza kuwaandikia watoto hadithi za Narnia mwaka 1950, nazo zina mchawi na wanyama wanaosema. La kuangalia ni hadithi inamsifu nani na inamwonyesha nani kuwa amepotea. Katika The Book of Atrus, anayejifanya mungu ndiye aliyepotea.

Vitabu vyote si sawa, na hapa mama awe macho. Gemu zinazouzwa Marekani zimekuwa na alama za umri tangu mwaka 1994, na Ulaya kuna alama za PEGI tangu mwaka 2003. Lakini kwenye riwaya zake, kwa kawaida, alama hizo hazipo. Gemu ya God of War ilipewa alama ya kuonyesha kwamba ni ya miaka 17 na zaidi. Riwaya yake ya mwaka 2010, iliyoandikwa na Matthew Stover na Robert E. Vardeman, inafuata njia ile ile ya kisasi na damu. Mama akiona kitabu cha gemu, atafute kwanza alama ya gemu yenyewe. Hiyo itampa mwanga.

Neno la muuguzi

Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la kutawaliwa na gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu anashindwa kujizuia, gemu inatangulia mambo yake mengine yote, na anaendelea hata anapoona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi, na iwe imeharibu masomo, kazi au maisha ya nyumbani. Kwa hiyo mtoto anayependa gemu tu si mgonjwa, tusimbandike jina hilo. Lakini ukiona dalili hizo, usione aibu kumpeleka kwa mtaalamu wa afya.

Mtoto anayeiweka gemu chini mwenyewe ili asome kitabu anaonyesha dalili njema. Pamoja na hayo, kitabu nacho kisimnyime usingizi. Kijana wa sekondari anahitaji kulala saa 8 mpaka 10 kwa usiku mmoja. Taa izimwe, joka litamsubiri mpaka kesho.

Mama afanye nini?

Kwanza, asianze kwa dharau. Ukisema "hivyo vitabu vyako vya kijinga", umefunga mlango, na kuufungua tena ni kazi.

Pili, akishike kitabu na kukisoma, japo sura mbili tatu. Kama lugha ni ngumu, mtoto asimulie. Anayesimulia hujifunza kupanga mawazo, na ni zoezi ambalo hata mwalimu wake atalishukuru.

Tatu, amuulize maswali ambayo wasomaji wa vitabu hivi huulizana wenyewe. Kitabu kimekosea wapi? Huyu mtu angeweza kweli kufanya hivi? Kama ungeandika wewe, ungebadilisha nini? Mtoto anayeweza kujibu maswali hayo kwa sababu zake ni msomaji, hata kama shuleni anaitwa mvivu. Na wakati wa kujibu ataeleza mambo yake mwenyewe bila kujijua.

Nne, atumie kitabu kimoja kumfikisha kwenye kingine. Aliyempenda Atrus anaweza kupenda habari za wavumbuzi na wasafiri. Aliyemhurumia Thrall yuko tayari kusoma historia ya utumwa katika pwani yetu, na kuuliza ni nani walionyonyesha watoto wa nani.

Tano, asizuie hasira ya mtoto dhidi ya kitabu kibaya. Hasira hiyo si utovu wa adabu. Amekiamini kitabu, nacho kimemwangusha. Mfundishe kuisema kwa heshima na kwa ushahidi, kama walivyofanya wale walioandika orodha ya makosa mpaka wachapishaji wakaomba radhi.

Malezi ya siku hizi yana mambo mengi ambayo mama zetu hawakuyajua, na hakuna awezaye kuyafahamu yote. Kwa mwezi huu tunaomba jambo moja tu. Jioni moja, kazi za jikoni zikipungua, muulize mwanao kitabu anachosoma kinahusu nini. Ukishauliza, nyamaza umsikilize mpaka amalize.